Boti ya mbao ikikaa nchi kavu: namna ya kuitunza, kuitengeneza na kuiandaa kurudi Ziwa Tanganyika

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha. Kwetu Katavi, wavuvi wa Karema, Ikola na mialo mingine ya Wilaya ya Tanganyika walipandisha boti mchangani, wakazifunika au wakaziacha wazi, wakasubiri.

Hewani tumezungumza sana kuhusu samaki, kipato na maisha ya familia katika miezi ile. Kuhusu boti zenyewe hatukusema mengi, na hilo ni kosa letu. Boti ya mbao imetengenezwa kukaa majini. Ukiiweka juani siku tisini, katika miezi ambayo mvua hainyeshi na upepo wa kusi unavuma mchana kutwa, unaitesa kuliko ungeitumia. Siku ziwa linapofunguliwa kila mtu ana haraka, kwa sababu mfuko umekauka na giza la mwezi halisubiri. Boti inasukumwa majini jioni, na saa sita za usiku watu wako mbali na nchi wanafua maji badala ya kuvua dagaa.

Makala haya ni ya mwenye boti, nahodha, na mama au baba aliyeweka akiba yake ndani ya chombo ambacho yeye mwenyewe hapandi. Tumeyaandika ili uyasome kwenye simu hata ukiwa mwaloni, na uyarudie kazi inapoanza.

Kwa nini mbao zinaachia

Mbao ikikauka inasinyaa, ikilowa inavimba. Boti iliyo majini inazibwa na mambo mawili: pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio, na mbao zenyewe ambazo zimevimba na kubanana. Wengi wanadhani kazi yote inafanywa na pamba. Sivyo. Mbao zikisinyaa, pamba inabaki imelegea kama jino bovu, na unaweza kuona mwanga wa jua ukiwa umeinama ndani ya boti.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mwenye boti anaona nyufa, anaita fundi, na fundi anajaza pamba kwa nguvu mpaka ufa umejaa pomoni. Kwa macho, kazi imekamilika. Boti inapoingia majini mbao zinavimba na kutafuta nafasi yake ya zamani, lakini nafasi hiyo sasa imeshikwa na pamba. Kwa kuwa haziwezi kusogeleana, zinasukuma nje: misumari inang'oka kwenye mataruma, au ubao unapasuka kwa urefu. Ufa ambao siku mbili za maji zingeuziba bure umegeuka kazi ya kubadilisha ubao.

Kwa hiyo taratibu ni hii: lowesha kwanza, ziba baadaye. Siku tatu au nne kabla ya kuanza kazi, sogeza boti kwenye maji ya kina kifupi, uifunge vizuri, uiache ijae maji ikitaka. Toa mashine, betri na kila kitu kinachoharibika. Weka mawe machache ndani ili isielee ovyo, lakini yasiwe mazito ya kuumiza mbao za chini. Siku ya pili nyufa nyingi zitakuwa zimefunga zenyewe. Zilizobaki ndizo za kukalafati.

Kama ufukwe wako una mawimbi makali na huwezi kuiacha boti majini, ilowesha nchi kavu. Tandika magunia ndani, yamwagie maji ya ziwa asubuhi na jioni, na funika nje kwa makuti, nyasi au turubai kuukuu. Maji ya ndani yasizidi kimo cha kiganja. Lita elfu moja ya maji ni tani moja, na boti iliyo nchi kavu haina maji ya nje ya kuibeba.

Na ni afadhali kuzuia kuliko kutibu. Ukijua boti itakaa juu kwa wiki kadhaa, itafutie kivuli. Mwembe unatosha, kibanda cha nyasi kinatosha. Iweke juu ya magogo matatu au manne yaliyopangwa sawa chini ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima. Boti iliyowekwa juu ya magogo mawili tu, moja mbele na moja nyuma, inalegea katikati kama kitanda cha kamba, na mkuku uliopinda haunyooki tena.

Wanaovua dagaa kwa taa wana nafasi nyingine kila mwezi. Mbalamwezi inapokuwa kubwa dagaa hawavutwi na taa, na boti nyingi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo ndizo za kazi ndogo ndogo: kukaza, kupaka mafuta, kushona. Ukizitumia, kazi kubwa ya mwaka inakuwa nyepesi.

Kukagua kabla ya kushika nyundo

Ukaguzi mzuri unahitaji kisu chenye ncha, kipande cha mkaa na mchana mzima. Anza na mkuku. Choma kwa ncha ya kisu kila hatua moja. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyooza inapokea kisu kama papai. Weka alama ya mkaa palipo laini.

Kisha ingia ndani uangalie mataruma, zile mbao zilizopinda zinazoshika ubavu kama mbavu za ng'ombe. Angalia hasa pale yanapokutana na mkuku, kwa sababu hapo ndipo uchafu, magamba ya samaki na maji ya mvua hukaa. Ng'oa mbao za kukanyagia, usiogope. Boti nyingi zinazovunjika zilianza kuoza mahali ambapo hakuna aliyepatazama kwa miaka miwili.

Hapa inafaa tuseme jambo linalowachanganya watu waliowahi kufanya kazi pwani. Baharini adui mkubwa wa chombo ni mdudu anayetoboa mbao chini ya maji. Ndiyo maana mabaharia wa pwani huunguza chini ya chombo kwa moto wa makuti na kupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mdudu yule ni wa maji ya chumvi. Kwetu ziwani hayupo, kwa hiyo huna sababu ya kuchoma boti yako. Lakini chumvi ya bahari ina faida moja ambayo sisi hatuna: inazuia uozo. Maji baridi yanaozesha, na maji ya mvua yaliyotuama yanaozesha zaidi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha Katavi, boti iliyoachwa wazi bila kufuliwa maji inaoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzuri na rangi yake. Usichanganye haya na magunia mabichi ya kiangazi. Yale ni maji ya kila siku kwa muda mfupi, ili mbao zisisinyae. Haya ni maji yaliyolala chini ya mbao kwa miezi.

Angalia na misumari. Doa la rangi ya kahawia linalotiririka kutoka kwenye kichwa cha msumari linakuambia kwamba kutu imeanza ndani. Misumari ya kawaida isiyopakwa zinki ni rahisi kununua na ni ghali kuitumia, kwa sababu inaliwa na kutu haraka na kutu hiyo inaozesha mbao inayoizunguka. Tafuta misumari iliyopakwa zinki. Unapong'oa msumari mbovu, usirudishe mwingine wa saizi ileile kwenye tundu lilelile. Ziba tundu kwa kijiti kilichochovywa mafuta, kisha toboa pembeni kidogo.

Kukalafati

Boti imeshalowa, imepandishwa, sehemu zilizobaki na uvujaji zimewekwa alama. Sasa chokonoa pamba ya zamani kwenye maungio hayo tu. Ile iliyo ngumu na kavu iache, inafanya kazi.

Mwambao huu hatuna shida ya mafuta. Pamba husokotwa nyembamba kama utambi na kuchovywa kwenye mawese, kisha hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Patasi yenye makali inakata pamba na kujeruhi mbao. Pamba iingie kwa mapigo mepesi, mzunguko mmoja, halafu wa pili juu yake, na juu ibaki nafasi ndogo ya kuweka lami au rangi nzito. Sauti inakusaidia: pamba iliyokaa vizuri inatoa mlio mkavu, iliyo legelege inatoa mlio mzito. Fundi mzoefu haangalii hata anachopiga.

Kuhusu vipande vya bati. Tunajua vinatumika sana, na ukiwa mbali na nyumbani ubao ukapasuka, kipande cha bati, kitambaa chenye lami na misumari midogo vinaweza kuokoa watu. Hiyo ni dawa ya dharura. Tatizo ni pale bati la dharura linapokaa miaka mitatu. Chini yake maji yanaingia na hayatoki, mbao inaoza gizani, na siku bati linapong'oka linaondoka na ubao. Ukifika nyumbani salama, ng'oa bati, badilisha ubao.

Mbao ya kubadilishia ni uamuzi wa fedha na wa subira. Mkoa wetu umezungukwa na misitu ya miombo na tuna miti ambayo watu wa mikoa mingine wanaitamani. Mninga una sifa moja inayofaa mno kwa boti: ukishakauka vizuri, hausinyai wala kuvimba sana ukilinganisha na mbao nyingine, kwa hiyo boti yake haifungui maungio ovyo. Mkora nao ni mgumu na unastahimili maji, ingawa ni mzito. Lakini mbao yoyote iliyokatwa juzi na kupigiliwa leo itakuangusha. Iweke kivulini, ipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, uipe miezi. Na usinunue mbao za usiku. Kuvuna na kusafirisha mbao kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mbao zisizo na kibali zinakamatwa njiani, na wewe uliyezinunua unaingia matatani pamoja na aliyezikata.

Tanga: kwa nini usilitupe

Vijana wengi siku hizi wanaona tanga kuwa mambo ya wazee. Mashine ipo, ya nini kushika kamba? Sisi tunaona tofauti, na sababu yetu ni petroli. Kutoka Mpanda mpaka ziwani ni zaidi ya kilometa 100, na petroli inayofika kijijini imeshapanda bei. Tena mashine ina plagi inayoweza kuungua, pini inayoweza kukatika na bomba la mafuta linaloweza kuingia maji. Boti yenye tanga dogo lililo tayari ina njia ya pili ya kufika nchi kavu. Isiyo nalo ina makasia, na makasia mbele ya mawimbi ya kusi ni kazi ya kuvunja mgongo.

Tanga linaloonekana zaidi huku ni la turubai au la viroba vilivyoshonwa pamoja. Yote mawili yanafaa, ila yana adui mmoja, ambaye ni jua. Nyuzi za plastiki zinakauka kwa jua na siku moja zinakatika kwa mstari mmoja kama karatasi. Kwa hiyo tanga lisibaki limetandikwa juu ya boti mchana kutwa kama kivuli. Likunje, lifunike. Kama limelowa, lianike kwanza. Tanga lililokunjwa bichi linashika ukungu, na kamba zake zinaoza kwenye mafundo.

Kagua mishono kwa kuvuta kwa vidole viwili. Ukisikia uzi unakatika, shona upya mstari mzima, usishone palipokatika tu. Mishono iwe miwili sambamba. Pembe zote tatu ziongezwe vipande viwili au vitatu vya turubai, kwa sababu nguvu ya upepo wote inakusanyika pale. Pindo la tanga liwe na kamba ndani yake.

Mlingoti uangalie mahali panapopita kwenye ubao wa kukalia, na chini unapokaa juu ya mkuku. Hapo chini uwe na kiatu, yaani kipande cha mbao ngumu chenye tundu kilichopigiliwa juu ya mkuku na kushika mataruma mawili. Mlingoti unaosimama moja kwa moja juu ya ubao wa chini utautoboa siku upepo ukikaza. Foromali, ule mti unaobeba tanga, uwe mwepesi kuliko unavyodhani. Mti mzito juu unaiyumbisha boti, na ukikatika unawaangukia watu.

Kamba mbili zinahitaji macho yako. Ya kwanza ni jarari, inayopandisha foromali. Iwe nzima, na ipite kwenye kapi inayozunguka bila kukwama, kwa sababu siku ya dhoruba utataka kuteremsha tanga kwa pumzi moja. Ya pili ni demani, ile inayoongoza tanga. Hii isifungwe kwa fundo gumu hata kidogo. Ishikwe mkononi, au izungushwe kwenye kigingi kwa namna ambayo mvuto mmoja unaiachia. Upepo wa ghafla ukilikuta tanga limefungwa, unalaza boti. Ukilikuta demani imeachiwa, tanga linapepea na kupiga kelele tu.

Sasa, kama unataka kuongeza tanga kwenye boti iliyojengwa kwa ajili ya mashine, elewa kwanza mipaka yake. Boti nyingi zetu zina chini bapa na mkuku mfupi. Ukiweka tanga zitakwenda vizuri upepo ukiwa nyuma, lakini upepo ukiwa ubavuni zitateleza kando. Fundi anaweza kuongeza ubao wa kimo cha shubiri moja chini ya mkuku, kwa urefu wote, ukapunguza kuteleza huko. Hata hivyo usitegemee kupiga bisho kama jahazi la pwani. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo mkubwa unatoka kusini mashariki, na ziwa letu limelala kusini kwenda kaskazini kwa zaidi ya kilometa 600, kwa hiyo mawimbi yana uwanja mrefu wa kukua. Anayetoka Kipili kuja Karema atasukumwa. Anayetoka Karema kwenda Kipili atapambana. Panga safari yako na mafuta yako kwa kuhesabu upande mgumu, si upande mwepesi.

Kuongeza mashine

Nusu ya maswali ya boti tunayopokea yanahusu mashine kubwa zaidi. Mtu ana ya nguvu ya farasi 15, anataka 40. Tunaelewa: inamfikisha mapema, inamrudisha mapema, samaki wanafika sokoni wakiwa wazima. Lakini mashine ya 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, karibu mara mbili ya ile ya 15, na uzito wote unaning'inia nyuma. Ubao wa nyuma wa boti yako ulipigiliwa kubeba kitu kingine. Mashine kubwa inapousukuma kila siku, maungio ya nyuma yanafunguka, na maji yanaingia mahali ambapo nahodha ameketi na hapaoni.

Ukiamua kubadilisha, imarisha kwanza. Ongeza ubao wa pili wa mbao ngumu ndani ya ubao wa nyuma, na magoti ya mbao yanayouunganisha na mkuku na ubavu, yakazwe kwa bolti zenye washa pana badala ya misumari. Funga mashine kwa mnyororo au kamba imara hata kama imekazwa kwa skrubu zake. Kina cha ziwa hili kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mashine iliyochomoka hapa haifuatwi.

Katika matunzo ya kila siku, angalia mkojo wa mashine, yale maji yanayorushwa nyuma. Ukipungua, zima mara moja. Kuna mchanga au jani kwenye njia ya kupozea. Oili ya gia itazame kila mwezi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mpira wa kuzuia maji umekwisha. Mchanganyiko wa petroli na oili ufuate kitabu cha mashine yako. Nyingi za aina hii zinataka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini mashine mpya ina kipindi chake cha kuzoeshwa na kitabu ndicho kinachosema. Oili ya pikipiki si oili ya boti.

Na mashine ikikaa miezi mitatu bila kazi? Toa petroli yote, ikiwemo iliyobaki kwenye kabureta. Fungua plagi, tia matone machache ya oili, zungusha kwa mkono, rudisha plagi. Paka grisi kila chuma kinachozunguka. Wazee wa ziwani wanajua ushahidi mkubwa wa grisi: meli ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Vita ya kwanza ya dunia ilipowaelemea Wajerumani mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa chini ya maji, na grisi ilitunza chuma. Yako inakaa miezi mitatu tu chini ya mwembe.

Vifaa ambavyo havivui samaki

Hivi ndivyo vinavyoachwa fedha zinapopungua, kwa sababu havileti dagaa hata mmoja.

Jaketi okozi liwe la kila aliyemo, na livaliwe. Lililofungiwa kwenye mfuko chini ya nyavu halitavaliwa wakati boti imelala ubavu. Lijaribu kila mwaka: vaa, ingia maji ya kifuani, inua miguu. Likikuzamisha mpaka puani, limekwisha. La mtu mzima halimfai mtoto, kwa kuwa linamchomoka kichwani. Kama hujaweza kununua yote, madumu ya lita 20 yaliyofungwa vifuniko barabara na kufungwa chini ya viti yataifanya boti iliyojaa maji isizame kabisa, na watu wapate cha kushika. Hayo ni nyongeza, hayachukui nafasi ya jaketi.

Upo wa kufulia maji uwe miwili, yote imefungwa kwa kamba. Dumu lililokatwa linatosha. Tumewahi kuwa ndani ya boti moja ambayo upo wake pekee ulichukuliwa na wimbi, tukafua maji kwa sufuria ya ugali mpaka tukaona taa za nchi kavu.

Nanga ni muhimu, lakini nanga peke yake ziwani ina tatizo. Ufukwe wetu sehemu nyingi unashuka ghafla, na mbali kidogo tu kamba yoyote uliyonayo haitagusa chini. Kwa hiyo beba kitu cha pili: ndoo imara au gunia lenye mdomo wazi, lililofungwa kwenye kamba ya mita 30 hivi. Mashine ikizima katika mawimbi, litupe kutoka mbele ya boti. Litajaa maji na kuvuta, na boti itageuza pua yake kutazama wimbi badala ya kupigwa ubavuni. Hata tanga lenyewe likifungwa kwenye foromali na kutupwa hivyo linafanya kazi hiyo. Mnaweza kulala hivyo mpaka upepo utulie.

Taa za betri zimeondoa karabai kwenye boti nyingi, na tunashukuru, kwa sababu karabai yenye moto karibu na dumu la petroli ilikuwa balaa. Betri iwe kwenye sanduku lililofungwa, isimwage tindikali juu ya mbao na miguu. Taa moja nyeupe ionekane pande zote usiku, si kwa ajili ya dagaa bali kwa ajili ya meli na maboti ya mizigo yanayotumia bandari ya Karema kwenda na kutoka Kongo.

Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, yenye chaji, na namba ya dharura ya polisi, 112, mkariri. Mtandao unakatika ukiwa mbali, kwa hiyo kitu bora kuliko simu ni mtu aliyebaki nchi kavu anayejua mmeenda upande gani na mnarudi saa ngapi. Mwachie mke, kaka au mwenyekiti wa BMU. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huwa na taarifa za maziwa. Ukisikia upepo mkali na mawimbi makubwa yametajwa kwa Ziwa Tanganyika, usiku huo kaa nyumbani.

Kuhusu karatasi hatutachukua muda. Chombo kisajiliwe na kikaguliwe. Usalama wa vyombo vidogo unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na leseni ya uvuvi hutolewa kupitia halmashauri yako chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mkaguzi akija, mwonyeshe boti ikiwa tupu na mbao za kukanyagia zimeng'olewa. Hapo utapata jicho la pili bure.

Usiku wa kwanza

Boti imelowa, imekalafatiwa, imepakwa rangi, mashine imewaka. Usiipeleke moja kwa moja kwenye dagaa. Ishushe asubuhi, bila nyavu, na chora mstari wa mkaa ndani, juu kidogo ya maji yaliyopo chini ya mbao za kukanyagia. Iache saa tatu. Rudi uangalie mstari. Maji yakiwa yamepanda kwa upana wa kidole, ni kawaida kwa siku ya kwanza. Fua, chora tena, subiri tena. Yakipanda kidogo kuliko mwanzo, mbao zinaendelea kufunga. Yakipanda vilevile au zaidi, kuna mahali pamekosewa, na mahali hapo patafutwe mchana, karibu na nchi.

Baada ya hapo zungukeni nayo karibu na ufukwe, mashine ikiwa nusu ya nguvu, mtu mmoja akiwa amepiga magoti nyuma anatazama maungio ya ubao wa mashine. Pandisheni tanga, liachieni mara mbili tatu, mjue demani inafunguka. Usiku wa kwanza wa kuvua, fungua mbao za kukanyagia katikati ya boti na umpe kijana mmoja tochi na kazi moja tu: kila saa aangalie mstari wa mkaa.